Ubahili wa Kisiwani

Hadithi, hadithi! Najua mtaitikia "hadithi njoo", lakini leo njooni na akili ya hesabu pia, maana hadithi yangu ina ndoo za maji, ina maharage yanayoweza kumlaza mtu kitandani, na ina tembo.

Mmewahi kusikia watani wakisema Mpare ni bahili? Wanasema Mpare akikukaribisha chai hukuuliza kwanza kama hujanywa ulikotoka. Wanasema atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Utani ni utani, na mtani hakasirikiwi. Ila kuna ubahili wa aina mbili. Wa kwanza ni kumnyima mwenzako. Wa pili ni kukataa kitu kitupwe kabla hakijamaliza kazi zake zote. Huu wa pili ndio ninaotaka kuwaonyesha.

Ukishuka basi Same mjini, ukashika barabara ya kwenda Gonja na Ndungu, utapita Kisiwani. Mkono wako wa kulia kuna Milima ya Upare. Juu kabisa, kwenye msitu wa Chome, kilele cha Shengena kinafika mita 2,462 na mara nyingi huwezi kukiona kwa mawingu. Mkono wa kushoto ni nyika, inatambaa mpaka Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, na ukivuka mpaka uko Tsavo, Kenya. Mlimani mvua, nyikani vumbi, na Kisiwani imekaa pale vinapokutana. Mtu wa hapo akiinua macho anayaona mawingu yenye maji. Akiyashusha anaona ardhi inayoyataka hayo maji.

Sasa weka hapo mke na mume. Nimewatunga mimi, msiende kuwatafuta, ila wanayoyafanya yote watu wanayafanya kweli. Wanaitana Mama Watoto na Baba Watoto, ingawa watoto wenyewe wameshaondoka, mmoja yuko Moshi na mwingine Dar es Salaam. Wana mbuzi wachache, ng'ombe mmoja, shamba la mahindi na maharage, na ua uliojaa viroba.

Viroba hivyo ndiyo bustani. Mama Watoto huchukua kiroba kitupu cha unga, anakunja mdomo wake, anatandaza kokoto chini. Kisha anachukua kopo kubwa la maziwa ya unga lililotolewa kitako, analisimamisha katikati ya kiroba na kulijaza kokoto. Kulizunguka anamwaga udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza vizuri. Udongo ukifika ukingoni mwa kopo, analivuta juu polepole. Kokoto zinabaki zimesimama, kopo linapanda. Analijaza tena, anamwaga udongo tena, anavuta tena. Kiroba kikijaa, kopo linatoka na kurudi stoo, na ndani ya udongo imebaki nguzo ya kokoto kuanzia juu hadi chini.

Kwa nini ajisumbue hivyo? Mwaga maji juu ya kiroba kisicho na nguzo uone. Udongo wa juu utageuka tope, wa chini utabaki mkavu, na miche ya ubavuni itanyauka. Maji yakimwagwa kwenye nguzo hupita katikati ya kokoto mpaka chini, yakinyonywa na udongo pande zote. Basi anatoboa matundu ubavuni mwa kiroba, kila tundu mche wa chainizi au sukuma wiki, na juu anapanda mchicha. Mahali pa kusimama mtu mmoja panapata mboga za nyumba nzima.

"Mama Watoto, yale maji ya kuoshea mchele umeyaweka wapi?"

"Yako kwenye kiroba, Baba Watoto. Ulitaka nikuwekee unywe?"

Maji ya mchele huenda kwenye mboga. Maji yenye sabuni hayaendi huko, maana majani ya mchicha tunayala. Hayo huenda kwa mgomba ulio nyuma ya bafu. Angalieni nyumba za kwetu, karibu kila bafu la nje lina mgomba wake. Mgomba hupenda maji mengi, na ndizi yenyewe hukaa juu, mbali na uchafu wa chini.

Msidhani hesabu hii ya maji imeanza juzi. Wazee wa Upare walijenga ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, linachimbwa mlimani kwenye njia ya mfereji. Kijito cha mlimani kikiwa kidogo, ukikiachia kitiririke mpaka shambani kitanywewa na ardhi njiani, kisifike popote. Kwa hiyo usiku wenye zamu huziba tundu la ndiva, maji yanajikusanya watu wakiwa wamelala. Asubuhi wanazibua, na maji ya usiku mzima yanashuka kwa pamoja, kwa nguvu, hadi kwenye mashamba ya chini. Matope yakijaa ndivani, unaitishwa msaragambo: kila kaya inatoa mtu na jembe, na anayekwepa anatozwa faini. Huo nao ni ubahili, mnaonaje? Kukataa maji yapotee usiku eti kwa sababu hakuna wa kumwagilia.

Sasa tuingie jikoni, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa pana makande.

Makande ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharage. Ukitaka kumjua Mpare, mwulize habari za makande. Shida yake ni moja: hayana haraka. Kwenye mafiga matatu yanaweza kula mzigo wa kuni, na kuni hazioti sokoni. Msitu wa mlimani unaoliwa na majiko ndio uleule unaonasa ukungu na kulisha vijito vinavyojaza ndiva. Baba Watoto anapenda kusema kwamba sufuria ya makande hunywa maji mara mbili, mara ya kwanza yale yaliyomo ndani.

Mama Watoto anafanya hivi. Usiku analoweka mahindi na maharage. Asubuhi maji ya kulowekea anayapeleka kwenye viroba, anaweka maji mapya, anabandika sufuria na kuchochea moto mpaka yachemke vilivyo. Anayaacha yatokote karibu nusu saa. Kisha anafunika kwa mfuniko unaobana, anaepua, na kuitumbukiza sufuria nzima ndani ya kapu kubwa lililotandikwa majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu. Juu anaweka mto, anakandamiza. Moto anauzima, naye huyo, amekwenda shambani.

Je, makande yataivaje bila moto? Fikirini kazi ya moto. Kazi ya kwanza ni kuyafikisha maji kwenye kiwango cha kuchemka. Hiyo haikwepeki. Kazi ya pili ni kufidia joto linalotoroka kupitia ubavuni mwa sufuria na kwenye mfuniko, saa baada ya saa. Blanketi na majani makavu yameshika hewa katikati ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Joto lisipotoroka, hakuna cha kufidia. Sufuria inajipikia kwa joto lake lenyewe, na mchana Mama Watoto akirudi anakuta punje zimelainika.

Lakini sikilizeni hapa vizuri, msije mkajaribu nyumbani mkaniletea lawama. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini. Ukila inakuletea kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Kuchemka kwa nguvu angalau dakika kumi huiharibu sumu hiyo. Joto la vuguvugu haliiharibu. Maharage yaliyopashwa moto bila kuchemka yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Ndiyo maana ile nusu saa ya motoni hairukwi, hata kama kuni ni chache. Na kabla ya kupakua, sufuria hurudi jikoni ikachemshwa tena, kwa sababu chakula kikianza kupoa ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi wa kuni na mkaa. Gesi inasaidia, umeme unasaidia. Mimi naona kapu nalo lina nafasi yake, kwa sababu mwenye gesi naye akilitumia, mtungi wake utachelewa kwisha.

Majivu yaliyobaki jikoni hayatupwi. Mengine hutumika kusugulia masufuria. Majivu yana magadi ndani yake, na magadi yakikutana na mafuta hutengeneza sabuni kidogo palepale juu ya sufuria. Mengine huchanganywa na maharage ya kuweka akiba. Vumbi lake laini hukwaruza nta iliyofunika mwili wa mdudu, na mdudu akikosa nta hukauka akafa.

Hapo kwenye akiba ndipo mke na mume wetu walipogombana. Baba Watoto alitaka majivu yatumike kwenye mahindi pia. Mama Watoto akakataa katakata. "Fukusi wa maharage namuweza kwa majivu," alisema, "lakini dumuzi hajali majivu yako." Na alisema kweli. Dumuzi ni mgeni. Kwao ni Amerika ya Kati. Alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na kufika 1983 alishaonekana Taveta, hapo mpakani, si mbali na Upare. Hutoboa punje na hata gunzi, akaacha unga mtupu. Dawa aliyoichagua Mama Watoto ni ya kununua: mifuko ya PICS, yenye tabaka tatu, iliyoanza kubuniwa kwa ajili ya kunde huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Mfuko ukifungwa kisawasawa, wadudu waliomo wanamaliza hewa yao wenyewe, wanashindwa kula na kuzaana, na mwisho wanakufa. Hakuna sumu inayomwagwa. Baba Watoto alilalamikia bei, kisha akahesabu magunia aliyopoteza msimu uliopita, akanyamaza.

Nimewaeleza hilo makusudi, kwa sababu wapo wanaohubiri kwamba kila kitu kitoke nyumbani. Hakitoki. Chumvi inanunuliwa, sukari inanunuliwa, taa ya sola inanunuliwa. Kinachotakiwa ni kujua lipi mkono wako unaliweza. Kikapu cha sokoni, kwa mfano, Mama Watoto alikuwa nacho cha ukindu hata kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Siku hiyo wengine walihangaika. Yeye alikwenda gulioni kama kawaida yake. Na kamba za mbuzi ni za katani. Mkonge wetu nao ulikuja na hadithi yake: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu karibu na Pangani, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote mliyowahi kuyaona njiani kuelekea Tanga.

Haya, tembo. Nilisema yumo.

Tembo hajui mpaka. Anatembea kati ya Tsavo na Mkomazi, na akisikia harufu ya mahindi yanayokomaa anaweza kuingia shambani usiku na kumaliza kazi ya miezi. Ng'ambo ya mpaka, huko Sagalla karibu na Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima walijaribu uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo kuzunguka shamba, ikaunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga yote inatikisika na nyuki wanatoka. Ngozi ya tembo ni nene, ndiyo, lakini nyuki huuma kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Walipofuatilia kwa miaka kadhaa, karibu tembo watatu kati ya kila wanne waliofika kwenye uzio huo waligeuza. Baba Watoto alipopata habari hizo hakuuliza mengine, aliuliza asali inapatikana kiasi gani. Sasa mizinga yake imeanza upande unaotazama nyika. Ila ukame ukija maua hukauka, nyuki wanahama, na mizinga mitupu haimtishi mtu, sembuse tembo.

Siku hizi mjadala wa nyumba hiyo ni biogesi. Baba Watoto amesikia kwamba kituo cha CAMARTEC cha Arusha kimekuwa kikieneza mitambo hiyo tangu miaka ya 1980: samadi inaingia kwenye shimo lisilo na hewa, bakteria wanaichachua, gesi inapanda kwenye bomba hadi jikoni, na tope linalotoka ni mbolea safi. Amekwisha kupima mahali pa shimo kwa hatua.

"Mtambo unataka samadi ya ng'ombe wawili," Mama Watoto akamwambia. "Sisi tuna mmoja."

"Tutauza mbuzi, tuongeze."

"Sawa. Na kila ndoo ya samadi inakorogwa na ndoo ya maji. Kila siku. Ng'ombe wa pili naye anataka kunywa. Zamu yetu ya maji ni mara ngapi kwa wiki?"

Baba Watoto akahesabu kwa vidole, akaanza upya. Wamekubaliana kwanza waweke bomba la mvua kwenye bati na simtanki la kuyakingia maji, wajaze vuli hii, halafu ndipo waende mnadani kutazama bei ya ng'ombe.