"Papo Hapo" na Nadharia ya Uhusianifu

Mwanafunzi wetu wa Fizikia husoma kwa Kiingereza nadharia ya uhusianifu aliyoitoa Einstein mwaka 1905, ilhali Kiswahili kingemfaa. Tuchukue daladala lipitalo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Katikati yake taa yawashwa. Kwa abiria, mwanga hufika mbele na nyuma wakati mmoja. Kwa mchuuzi aliyesimama kando, kasi ya mwanga ni ileile, lakini sehemu ya nyuma huulaki. Hivyo hufika nyuma kwanza, japo kwa tofauti isiyoonekana. Wengi hukosa maswali kwa kuandika "wakati mmoja" bila kuuliza: kwa nani? Katika "papo hapo", kiambishi cha mahali hutaja pia wakati. Matukio ya papo hapo watazamaji wote huyaafiki. Yatengwayo na umbali, kila mmoja huyapima kwa saa yake.