Steringi Amevaa Gauni Jeupe

Jumapili jioni kaka zangu wawili walikuwa wakirudi sinema, pale Tanga, ua mzima unageuka nchi ya kauboi mpaka adhana ya magharibi. Farasi walikuwa makuti ya mnazi, bastola vijiti vya mpera. Mimi, mtoto wa kike, sikupelekwa sinema hata siku moja. Kwenye mchezo wao nilikuwa na kazi mbili: kuwashikia farasi, au kufungwa kwenye mpapai nikisubiri kuokolewa. Nilikaa pale na kamba yangu, nasikia vumbi likipigwa upande wa pili wa ua, na sijui vita inaendaje.

Leo nina miaka 31 kwenye cherehani. Nashona magauni ya harusi, sare za shule, mashati ya wazee. Mwaka jana binti yangu aliniletea flashi akaniambia, "Mama, humu kuna sinema ya zamani, nguo zake utazipenda." Niliitazama mara tatu kwa wiki moja. Mara ya kwanza kwa ajili ya nguo kweli. Mara mbili zilizofuata kwa sababu nilikuwa nimeona kitu ambacho kaka zangu hawakuwahi kuniletea nyumbani.

Sinema yenyewe inaitwa Johnny Guitar, ya mwaka 1954. Aliiongoza Nicholas Ray, chini ya kampuni ya Republic, na sehemu kubwa ya mandhari yake ilipigwa Sedona, jimbo la Arizona, kwenye miamba myekundu. Jina la sinema ni la mwanaume, na mwanaume huyo yumo: anaingia akiwa amepanda farasi, gitaa mgongoni, bila bastola. Aliyeigiza anaitwa Sterling Hayden. Sisi tuliokulia na hadithi za sinema tunamwita mhusika mkuu steringi, na tunajua sheria moja: steringi hafi. Mtu ukiona jina lile unasema huyu ndiye. Siye. Steringi wa sinema hii ni mwanamke anayeitwa Vienna, na adui yake mkubwa ni mwanamke vilevile, Emma Small.

Vienna, aliyeigizwa na Joan Crawford, amejenga baa na nyumba ya kamari mahali pasipo na watu, nje ya mji wa wafugaji. Ukuta wake wa nyuma ni mwamba wenyewe, mwekundu, haukuchongwa wala kupigwa lipu. Wateja hakuna. Upepo unavuma, wafanyakazi wamekaa, naye anamwambia kijana wa kamari aendelee kulizungusha gurudumu, kwa sababu anapenda kulisikia likizunguka. Nililirudia tukio hilo. Mtu amefungua biashara, hakuna anayeingia, lakini mashine lazima ilie. Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi nilikuwa nikikanyaga cherehani kwenye kitambaa kisicho cha mtu yeyote, ili wapita njia wajue kuna fundi humu.

Si ujinga, kukaa kwake porini. Vienna anajua reli itapita hapo. Amepata habari mapema, amekinunua kiwanja, anasubiri. Na hilo ndilo linalomfanya achukiwe. Emma na tajiri mwenzake McIvers wana ng'ombe na ardhi, na wanajua reli ikija italeta wakulima na seng'enge. Sinema nyingi za kauboi zina mwanamke anayesubiri mwanaume. Huyu anasubiri treni, na hati ya kiwanja anayo.

Mara ya kwanza tunapomwona amesimama juu ya ngazi, shati jeusi, suruali, viatu virefu, mkanda wa bastola kiunoni. Crawford wakati huo alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 45, na mshono haumfichi umri wala haumwongezei mapozi. Bega limekaa sawa, kiuno kimebanwa, ukosi umefungwa mpaka juu. Mavazi yake yalibuniwa na Sheila O'Brien, na mimi nampa heshima yake kama fundi kwa fundi. Kundi la wanaume wenye silaha, Emma akiwa mbele yao, limeingia kumfukuza. Yeye anawaambia kutoka pale juu kwamba chini anauza wiski na karata, na atakayepanda ngazi atapata risasi. Mmoja wa wafanyakazi wake anasema hajawahi kuona mwanamke aliye mwanaume namna ile, na kwamba mwenyewe akiwa naye anajiona kama amepungukiwa. Sikubaliani naye. Vienna hajawa mwanaume. Amekuwa mwenye nyumba.

Nguo zinazofuata ndizo zilizonipotezea usingizi. Kaka yake Emma ameuawa kwenye uporaji wa gari la farasi, na watu wote wa mji wanatoka mazikoni wakiwa bado na nguo nyeusi. Badala ya kurudi makwao wanageuka kundi la kuwinda watu. Emma yuko mbele kabisa na kofia yake ya msiba yenye shela. Wanapokimbiza farasi upepo unaivuta kofia ile, inaanguka chini, kwato zinaipita. Yeye hageuki kuitazama. Msiba umekwisha pale pale, kilichobaki ni hasira. Mercedes McCambridge, aliyemwigiza Emma, alikuwa tayari ameshinda Oscar kwa sinema ya All the King's Men, na uso wake mdogo unabeba chuki ambayo ukiitazama vizuri unaona ina kidonda ndani yake. Anampenda jambazi anayeitwa Dancin' Kid, anajichukia kwa kumpenda, na jambazi yule anamtaka Vienna. Emma ni mtu kamili, mwenye aibu na uchungu wake. Ndiyo maana anatisha.

Kundi lile jeusi linapoingia ndani, Vienna amekaa peke yake mbele ya ule mwamba mwekundu, anapiga piano, amevaa gauni jeupe. Jeupe kabisa, lenye mita na mita za kitambaa chini ya kiuno. Mtu anayejua watakuja kumuua amechagua kuvaa gauni ambalo huwezi kukimbia nalo. Hakuna neno angeweza kuwaambia lililo kubwa kuliko nguo ile.

Chini ya meza, nyumba hiyohiyo, amejificha kijana aliyejeruhiwa, Turkey, mdogo kuliko wote katika genge la Kid. Wanamgundua. Emma anamwekea sharti: sema Vienna alishirikiana nanyi, utapona. Kijana analia, anamgeukia Vienna amuulize afanye nini. Vienna anamwambia ajiokoe. Basi anamtaja. Na wanamnyonga hata hivyo.

Ili uelewe uzito wa dakika zile lazima ujue Hollywood ilikuwaje mwaka 1954. Kamati ya Bunge la Marekani ilikuwa ikiwaita waigizaji na waandishi, ikiwataka wawataje wenzao waliowahi kuwa wakomunisti; aliyekataa alikosa kazi. Sterling Hayden, yuleyule mwenye gitaa, aliitwa mwaka 1951 akataja majina, na baadaye aliandika katika kitabu chake cha maisha kwamba alijidharau kwa jambo hilo. Ward Bond, aliyeigiza McIvers, alikuwa kinara wa chama cha watu wa sinema waliowasaka hao wakomunisti. Watu hawa wawili walisimama mbele ya kamera moja katika hadithi ya kijana anayelazimishwa kumtaja asiye na hatia.

Kundi lile linapomweka Vienna juu ya farasi, kitanzi shingoni, usiku, gauni jeupe bado mwilini, anatafutwa mtu wa kumpiga farasi ili aondoke. Wanaume wale wote waliopiga kelele njia nzima hakuna anayejitokeza. Emma anafanya mwenyewe. Kamba inakatwa na Johnny aliyekuwa amejificha, na nyumba aliyoijenga Vienna inaungua nyuma yao, kwa sababu Emma aliipiga risasi taa kubwa ya darini ikaanguka na moto wake. Akatoka nje anacheka, mikono wazi. Uso ule sitausahau.

Nyuma ya kamera pia hapakuwa na amani. Crawford na McCambridge hawakuelewana, na inasimuliwa kwamba usiku mmoja Crawford alizitupa nguo za mwenzake barabarani huko Arizona. Nikisoma hilo nilimwonea huruma mshonaji kwanza. Lakini Crawford ndiye pia aliyeng'ang'ania hadithi ibadilishwe ili yeye apewe nafasi ambayo kwa kawaida hupewa mwanaume, pamoja na pambano la mwisho. Bila ukaidi huo tungebaki na mwanamke mwingine kwenye mpapai.

Wakosoaji wa Marekani waliidharau sinema hii. Wafaransa waliipenda, François Truffaut akiwa mstari wa mbele, na mwaka 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya sinema za kuhifadhiwa. Pedro Almodóvar wa Hispania naye aliitumia katika sinema yake ya mwaka 1988: mwanamke yuko chumba cha kurekodi, anatia sauti ya Vienna kwa Kihispania, na sauti ya Johnny inayomjibu ni ya mwanaume aliyemwacha. Sisi tuliozikuta sinema midomoni mwa watafsiri wa vibanda vya video, enzi za mtafsiri Lufufu, tunajua sauti ya mtu mwingine inavyoweza kuingia kinywani mwa mwigizaji ikakuchoma.

Sikukuu ya Idi kaka yangu mkubwa alikuja. Ana mvi sasa. Nilimwekea sinema, nikaendelea kupinda marinda huku namsikiliza. Saa nzima aliniuliza Johnny atachukua bastola lini. Ukafika mwisho, kule maficho ya majambazi nyuma ya maporomoko ya maji. Vienna amevaa shati la njano na kitambaa chekundu shingoni, amesimama barazani. Emma anapanda kumfuata na bastola mkononi. Huku chini wanaume wameacha kupiga risasi. Wamesimama na bunduki zao, wanatazama juu.

"Wao mbona hawapandi?" kaka akauliza.

"Wanashika farasi," nikamwambia.

Akanyamaza. Akavuta kiti mbele.