Balbu Haijaungua, Inasikia Baridi

Sisi wa bweni twaijua vizuri ile taa ya njia ya kwenda vyooni. Julai iliyopita, baridi ya hapa Kinangop ilipotukaba, tulianza kuiita "mshumaa". Ukibonyeza swichi saa kumi usiku, inatoa kimwanga hafifu chenye wekundu, hata pa kukanyaga huoni. Mwenzetu mmoja wa kidato cha kwanza aliteleza mtaroni akateguka kifundo cha mguu. Fundi naye alikuwa ameshatupa balbu mbili akisema ni feki.

Niliokota moja nikaifunga bwenini. Lo! Ikawaka vizuri kabisa. Kumbe ilikuwa inasikia baridi tu.

Hebu tuone sababu. Balbu hizi za kuokoa umeme, zilizojipinda kama mkia wa kinyonga, ni mrija wenye gesi na zebaki kidogo sana. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Miale hiyo ikiupiga unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, unga ndio unaong'aa. Sasa, penye baridi zebaki nyingi hubaki matone, haigeuki mvuke. Mvuke ukipungua na mwanga unapungua, mpaka mrija ujipashe joto wenyewe. Bwenini ni kama dakika moja hivi. Nje kwenye sakitu ni dakika kadhaa, na upepo ukiupiga huenda usifikie mwanga wake kamili usiku kucha. Nani aliyebanwa na haja atangoja hayo yote?

Balbu ya zamani ya waya haikujali baridi, maana waya wake hufikia nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi. Lakini umeme wake mwingi huishia kuwa joto. Mwanga wa balbu ya waya ya wati 60 unapatikana kwa mrija wa wati 14 hivi, ndiyo sababu bursa hataki hata kuisikia.

Ukiwa na mrija, basi utie ndani ya kifuniko cha kioo kuukinga na upepo, uuwashe jioni na kuuacha. Kuwasha na kuzima kila mara kunaufupishia maisha. Ukivunjika, fungua madirisha, watu watoke kwanza, kisha vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, si kwa mikono mitupu. Zebaki ni sumu jamani!

Iliyo bora nje ni LED. Haina zebaki, huwaka papo hapo, na wati 9 hivi zatosha. Baridi hata inaifaa, kwani joto ndilo linaloichakaza. (Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa LED ya buluu, iliyowezesha hizi nyeupe.) Adui wake huko nje ni maji, kwa hivyo chagua taa iliyotengenezewa mvua.

Njia ya vyooni ilitiwa LED muhula huu. "Mshumaa" wetu uko chumba cha klabu, na ndio ulionimulikia nikiandika makala haya.