Pampu inagoma alfajiri: injini ndogo na baridi ya kiangazi

Wiki hii nilipanga kuandika juu ya kantangaze kwenye nyanya, lakini kuna simu imenibadilishia ratiba.

Iliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni kijana wa hapa Mabira, analima nyanya nusu eka chini bondeni na anamwagilia kwa pampu ya injini ya dizeli, ile ya silinda moja ya kuzungusha kwa hendeli. "Shikamoo bwana shamba. Mashine imegoma tena, na maua ndiyo yamefunguka yote." Nikamwambia asiguse kitu mpaka nifike. Nilipofika nikakuta ameshagusa. Rafiki yake alimfundisha kulowesha kitambaa kwa petroli na kukiweka kwenye mdomo wa kuingizia hewa, halafu mtu azungushe. Injini iliwaka, ndiyo, kwa mshindo kama mtu anagonga nyundo ndani ya chuma. Wakapiga resi mpaka mwisho, wakafungulia maji papo hapo. Siku ya pili yake ikapoteza nguvu, ikaanza kutoa moshi wa bluu. Fundi alipofungua, ringi mbili zilikuwa zimekatika. Vifaa na kazi vilimla laki mbili na themanini, lakini hiyo siyo hasara kubwa. Hasara kubwa ni siku tano nyanya zilizokaa bila maji wakati wa maua. Shada lote la kwanza lilipukutika.

Nakiri na mimi nina sehemu yangu. Nilimwelekeza mbegu, nafasi, mbolea, dawa ya ukungu. Injini sikuigusa. Chuoni somo la zana tulilipitia haraka, na mimi nilichukulia kwamba mtu akinunua mashine, muuzaji atamweleza. Muuzaji alimpa hendeli na risiti.

Sasa tuelewane kwanza kwa nini inagoma. Wengi mnasema "huku kwetu hakuna baridi ya kuharibu injini". Kweli, sisi hatugandi. Lakini vilima vyetu vya Kyerwa na Karagwe vingi vinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi cha Juni hadi Agosti, wazee wanakiita kyanda, usiku anga huwa wazi na joto lote linapotea. Hewa baridi ni nzito, inateremka na kutulia bondeni, na bondeni ndiko pampu inakolala. Ukishuka na pikipiki saa kumi na moja alfajiri utaisikia kwenye magoti.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inawaka kwa sababu pistoni inaibana hewa mpaka inabaki sehemu moja kati ya 16 hadi 22 ya ukubwa wake, na hewa ikibanwa hivyo inapata moto mkali, nyuzi 500 na kuendelea. Dizeli ikirushiwa humo inawaka yenyewe. Asubuhi, chuma cha silinda kikiwa baridi kinanyonya lile joto. Na ukizungusha polepole, hewa nayo inavuja pembeni ya ringi kabla haijabanwa sawasawa. Matokeo yake unaona moshi mweupe wenye harufu ya dizeli: hayo ni mafuta yametoka bila kuungua. Ukiuona moshi huo, injini haina pepo wala haijalogwa. Mafuta yanafika, joto ndilo halitoshi.

Kinachoongeza kazi ni oili. Wengi mnatumia oili namba 40 tupu kwa sababu ni ya bei nafuu na inapatikana kila duka. Alfajiri inakuwa nzito kama asali, unazungusha mpaka bega linauma, na hata ikiwaka oili inachelewa kufika juu. Dakika hizo za mwanzo ndizo zinazokula beringi na silinda. Chukua 15W-40. Ile herufi W inatokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi. Maana yake ni kwamba oili hiyo ikipoa inatiririka kama nyepesi ya 15, ikipata moto inalinda kama ya 40. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na laki mbili na themanini.

Wenye ndege ndogo kule Alaska, Marekani, walilijua hili zamani sana. Marubani wa porini walikuwa wakitua jioni wanamwaga oili yote ya injini kwenye ndoo, wanaiingiza ndani ya nyumba, asubuhi wanaipasha jikoni ndipo wairudishe kwenye injini. Hadi leo mwenye ndege ya pistoni katika nchi za baridi anapasha injini kabla ya kuiwasha, maana kuiwasha mara moja tu ikiwa imeganda kunaweza kuila zaidi ya saa nyingi za kuruka. Sisi hatuhitaji kufika huko. Sufuria ya maji ya moto inatosha.

Hapa naomba usome taratibu. Injini hizi nyingi zina tangi la maji juu ya silinda. Fungua bomba la chini, mwaga maji baridi yaliyolala humo, kisha jaza maji ya moto kiasi cha kuoga, siyo yanayochemka. Subiri dakika tano mpaka ukigusa pembeni ya silinda usikie uvuguvugu. Wakati unasubiri, pima oili injini ikiwa imekaa sawa. Inua kile kiwiko cha kupunguza mgandamizo, zungusha mara kumi hadi kumi na tano bila haraka ili oili ipande, ndipo uzungushe kwa nguvu na kukiachia. Ikiwaka, iache ingurume taratibu dakika tatu hadi tano bila mzigo. Usipige resi! Ukisikia mlio umelainika na moshi mweupe umeisha, fungulia maji. Jioni pia, kabla ya kuzima, ipumzishe dakika chache bila mzigo. Na kama maji ya tangi yameisha injini ikiwa ya moto, usimimine ya baridi, utapasua chuma. Izime, iache ipoe.

Petroli kwenye mdomo wa hewa ya injini ya dizeli, acha kabisa. Inawaka kabla pistoni haijafika juu, kwa hiyo moto unaisukuma chini wakati yenyewe bado inapanda. Hapo ndipo ringi zinakatika, na ukiwa na bahati mbaya mkono wa pistoni unapinda au hendeli inarudi na kuvunja mkono wako mwenyewe. Kuwasha kuni chini ya injini nako nimekuona kwa macho yangu. Sitaki kuandika zaidi, tangi la mafuta lilikuwa hatua moja.

Wenye pampu ndogo za petroli, tatizo lenu ni lingine kidogo. Petroli lazima igeuke mvuke ndipo cheche iiwashe, na ikigeuka mvuke inapoza kabureta. Ndiyo maana rubani wa ndege ndogo anaogopa barafu ndani ya kabureta hata siku ya nyuzi 20, kukiwa na unyevu mwingi. Kwako wewe choki ndiyo msaada: inapunguza hewa ili petroli iwe nyingi kwenye mchanganyiko. Ila ikishawaka, ifungue taratibu. Kijana akisahau choki imefungwa, petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na plagi inakuwa nyeusi kama masizi. Kesho yake analalamika mashine mbovu.

Jambo la mafuta. Tangi likilala nusu, usiku unyevu wa hewa unatoa matone kwenye kuta za ndani na maji yanashuka chini ya dizeli. Jaza tangi jioni. Dizeli ya kwenye dumu iache itulie usiku mzima, mimina bila kutikisa, na ile ya chini kabisa usiitumie. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, kuna maji humo, ibadilishe na umuite fundi atafute yanakotoka. Oili chafu usiimwage bondeni. Hata pampu yenyewe isifanye makazi pale, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au ziwa.

Na mwinuko nao unadai chake. Kila mita 300 unazopanda, injini isiyo na taboo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu. Injini iliyoandikwa farasi 12, huku kwetu ihesabu kama farasi 10. Ikitoa moshi mweusi muda wote, umeibebesha mzigo kupita hewa inayopata. Punguza urefu wa bomba au mwendo.

Yule kijana sasa anachemsha maji pamoja na ya chai ya asubuhi, anayabeba kwenye dumu la lita kumi alilolizungushia gunia. Juzi kanitumia ujumbe: imewaka mzungusho wa tatu. Shada la kwanza halipo tena, la pili limefunga. Kwa vile maji yalikatika katikati, nina wasiwasi matunda yataoza kitako, nitapita Jumatatu kuyaangalia. Kantangaze tutaiongelea wiki ijayo.