Kompyuta ya Mtumba Yaweza Kucheza Gemu

Vijana wetu wanapenda michezo ya kompyuta. Wenyewe wanaiita gemu. Kijana akiomba kompyuta ya gemu, dukani mjini hutajwa bei ya kuuza ng'ombe. Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana, siyo lazima.

Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani hubadili kompyuta zao kila baada ya miaka michache. Za zamani huuzwa, na nyingine hufika kwetu kama mtumba. Kisha, tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure kama kawaida. Windows ni programu kuu, yaani ile inayoongoza kompyuta yote. Windows 11 nayo inazikataa mashine nyingi za kabla ya mwaka 2017. Basi watu wanasema ati kompyuta hizo zimekufa. Hazijafa.

Iko programu kuu nyingine, jina lake Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, nchini Finland. Aina zake nyingi, kama Linux Mint, ni za bure kabisa. Huibi wala hulipi.

Zamani tatizo lilikuwa kwamba gemu nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Linux haikuzielewa. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ya Marekani ikatoa Proton. Hii ni kama mkalimani. Gemu inasema kwa lugha ya Windows, "Nionyeshe picha hii." Proton inaisikia, halafu inaieleza Linux kwa lugha yake. Mwaka 2022 Valve ikaanza kuuza Steam Deck, mashine ya gemu ya kushika mkononi, nayo inatumia Linux.

Lakini tuseme kweli. Fortnite, Valorant na ule mpira wa EA Sports FC 25 hazichezeki kwenye Linux, maana zina mlinzi wa kuzuia udanganyifu asiyeikubali. Kama mwanao anataka hizo tu, usihangaike.

Sasa tuje kwenye kununua. Ulizia ramu ya gigabaiti 8 au zaidi, na diski ya SSD. Gemu kubwa zinataka pia kadi ya picha, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Kompyuta ya ofisi ina pawasaplai ndogo. Tundu la kadi hutoa wati 75 tu. Tafuta kadi isiyodai waya wake wa umeme, kama zilivyo baadhi ya GTX 1650. Na kama kasha ni jembamba, kadi iwe fupi. Pima mwenyewe, maana muuzaji hatakupimia.

Wengine watasema gemu ni upuuzi. Hatubishani nao, ila mashine hiyo hiyo huandika hesabu za ushirika.

Mwambie fundi aweke Linux kwenye flashi kwanza. Kompyuta itawaka kwa flashi hiyo bila kugusa diski. Sikiliza sauti, angalia picha, jaribu intaneti. Ukiridhika, ndipo aiingize ndani. Kuiingiza kwaweza kufuta kila kitu, hata picha za harusi, kwa hiyo nakilini vyote mahali pengine kabla.

Linux Mint ni kama gigabaiti 3, basi ipakuliwe mjini kwenye intaneti nzuri. Hapo hapo chukueni na SuperTuxKart, mbio za magari madogo. Ni ya bure, haifiki gigabaiti 1, na watoto wawili huicheza kwenye kompyuta moja bila bando.