Bili ya maji kwa JavaScript: kijana aanze na fankisheni

Mradi wa maji wa jamii wenye mita 200 una bili 200 za kukokotoa kila mwisho wa mwezi. Karani mwenye kalamu na kikokotoo hurudia hesabu ile ile mara 200, na akiteleza mara moja, kuna nyumba itakayodaiwa maji ambayo haikutumia. Kwa kijana anayejifunza kuandika programu, iwe nyumbani au katika chuo cha ufundi, hesabu ya namna hii ndiyo mahali pazuri pa kuanzia.

Lugha inayofaa kwa mwanzo ni JavaScript. Ilibuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich, wakati huo akiwa mfanyakazi wa Netscape, na licha ya jina lake, si lugha moja na Java. Haihitaji kununuliwa wala kusakinishwa, kwa kuwa tayari imo ndani ya kivinjari. Kwenye kompyuta yenye Chrome au Firefox, mwanafunzi hubonyeza F12, huchagua sehemu iliyoandikwa Console, kisha huandika. Mtandao ukipotea, kazi inaendelea.

Fankisheni ni kanuni ya hesabu iliyopewa jina. Huandikwa mara moja, kisha huitwa kwa jina kila inapohitajika. Inafanana na mashine ya kusaga posho: mahindi yanaingia juu, unga unatoka chini, na anayesaga hana haja ya kuunda mashine upya kwa kila mteja.

Tuseme kamati inatoza shilingi 50 kwa kila uniti katika uniti 6 za kwanza, shilingi 80 kwa kila uniti inayozidi hapo, na shilingi 100 za mita. Viwango hivi ni vya mfano tu, si ada za huduma yoyote ya maji. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Kanuni hiyo huandikwa hivi:

function biliYaMaji(uniti) {
  if (uniti <= 6) {
    return uniti * 50 + 100;
  }
  return 6 * 50 + (uniti - 6) * 80 + 100;
}

Neno la kwanza linaiambia kompyuta kuwa fankisheni inaanza. Jina biliYaMaji limechaguliwa na mwandishi. Ndani ya mabano mna kitu kinachoingia, yaani uniti zilizotumika. Neno if huuliza swali: je, uniti ni 6 au chini yake? Neno return hutoa jibu na kumaliza kazi hapo hapo. Kuandika fankisheni pekee hakuleti jibu lolote, lazima iitwe. Mwanafunzi akiandika biliYaMaji(10), atapata 720.

Kabla ya kuiamini, aijaribu pale kiwango kinapobadilika. Uniti 6 zinafaa kutoa 400, na uniti 7 zitoe 480. Anayeanza mara nyingi huzidisha uniti zote kwa 80 mara tu zinapopita 6, na hapo mwenye uniti 7 angedaiwa 660. Hizo ni shilingi 180 zaidi kwa kosa la mstari mmoja, tena kwa kila nyumba iliyovuka uniti 6.

Jambo linalowasumbua wengi ni tofauti kati ya kuonyesha jibu na kulitoa. Amri console.log huonyesha jibu kwenye kioo cha kompyuta, lakini hailikabidhi kwa sehemu nyingine ya programu. Ni unga ulioonekana dirishani bila kutiwa kwenye mfuko. Fankisheni yenye console.log bila return hutoa undefined, na ukiijumlisha na deni la mwezi uliopita unapata NaN, yaani kitu kisicho nambari.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye alama ya kujumlisha. Nambari inayochapwa kwenye kisanduku cha ukurasa wa wavuti huifikia programu kama maandishi. Mkazi akiwa na deni la 300 na bili mpya ya 720, "300" + 720 haileti 1,020. JavaScript huunganisha maandishi na kutoa 300720. Shilingi laki tatu! Alama ya kutoa haina tabia hiyo: "215" - "205" huleta 10 sawasawa, ndiyo maana kosa hujificha mpaka siku ya kujumlisha madeni. Dawa ni kugeuza kwanza: Number("300") + 720.

Hata hivyo Number nayo ina mtego wake. Kisanduku kikiachwa wazi, huhesabiwa kuwa 0. Karani akisahau kuingiza usomaji wa leo kwa mita iliyosoma 205 mwezi jana, uniti zitakuwa -205, na bili itasema mradi unamdai mkazi shilingi -10,150. Kwa hiyo fankisheni ipewe mistari mingine, mwanzoni kabisa, ya kukataa uniti zilizo chini ya sifuri.

Kamati ikibadilisha viwango, kinachorekebishwa ni fankisheni hiyo moja, na bili zote 200 hufuata.

Wanaosoma programu za watu wengine watakutana pia na alama ya mshale, =>. Hiyo ni namna fupi ya kuandika fankisheni, iliyoingizwa katika lugha mwaka 2015. Anayeanza anaweza kuiacha kwa sasa.

Masomo ya bure ya JavaScript yanapatikana kwenye tovuti ya freeCodeCamp, na maelezo ya kila amri yako kwenye MDN. Zote mbili hutumia Kiingereza zaidi. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo mkazi anaweza kuuliza katika chuo kilicho karibu kama somo la kompyuta linafundishwa.

Kamati itakayojaribu programu ya namna hii isitupe kikokotoo mapema. Kwa mwezi wa kwanza, bili zikokotolewe kwa njia zote mbili, na zinapotofautiana, karani atafute sababu kabla ya karatasi yoyote kumfikia mkazi.