Nyakato na Umeme wa Mkiani

Tanzania haina kituo cha makaa ya mawe kinacholisha gridi ya taifa. Mtambo wa megawati 600 uliokusudiwa Mchuchuma, Ludewa, kwa mkataba wa 2011, haukujengwa. Kwa hiyo mkazi wa Mwanza anayesikia mataifa yakivutana juu ya kuzima makaa, atazame Nyakato. Mashine za mafuta mazito zilizoko pale, takriban megawati 60, zilisimikwa baada ya mgao mkali wa 2011. Kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni zaidi ya kilomita 1,100 za kusafirisha mafuta. Umeme wa namna hiyo ni ghali, na moshi wake unabaki kwa majirani.

Kwenye makaratasi, mashine hizo zingeshapumzika. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa tisa mwaka uliofuata. Lakini Rufiji, lilipo bwawa hilo, ni mbali. Umeme ulifika Chalinze, na mitambo yote tisa ilipokamilika, njia ya kilovoti 400 kutoka hapo kwenda Dodoma ilikuwa bado inajengwa. Kanda ya Ziwa iko mkiani: umeme hupita Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga ndipo ufike. Njia ikirefuka volti hushuka, na mashine iliyo karibu na walaji ndiyo huzishikilia. Kiwanda cha minofu ya sangara hakiwezi kugandisha samaki kwa umeme mdogo.

Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa mikoa ya kaskazini itanunua umeme wa Ethiopia kwa sababu mwingi hupotea njiani. Wengi walishangaa, mimi niliona ukweli uliochelewa kusemwa. Tulisherehekea bwawa, tukaziacha nguzo na transfoma nyuma.

Matumaini yangu zaidi yako karibu na ziwa. Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, tayari inazalisha. Mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, ulianza na megawati 50. Ila jua huzama saa ambayo Mwanza inawasha taa na kupika, na bila betri kubwa saa hizo zitabaki mzigo wa Nyakato. TANESCO itangaze kila mashine itazimwa lini, na ni njia ipi au betri ipi itakayoshika zamu yake.